Muinde, Fundi wa Mageti Aliyeogopa Kupona

Saa moja kasorobo asubuhi, kabla jua la Voi halijaanza ukali wake, Hudson Muinde amepiga magoti kwenye sakafu ya saruji, chaki mkononi, uso karibu unagusa chini. Anachora mtoto. Mtoto mwenyewe ni mrefu kumshinda mtoto yeyote wa darasa la nne, amesimama wima, ameshika sahani. Kando yake yuko mwingine, kisha mwingine, hadi mwisho wa karakana. Wako ishirini na wanne, na hakuna wawili wanaofanana.

"Huyu ananinyima amani," anasema bila kuinua kichwa, akimfuta mmoja mguu kwa kiganja. "Amesimama kama askari. Mtoto mwenye njaa hasimami hivyo."

Anamchora upya, goti moja limelegea, na papo hapo mtoto anaonekana amechoka kungoja chakula. Ni mistari miwili tu iliyobadilika.

Mafundi wengi wa mageti hufanya hivi. Huchora geti sakafuni kwa ukubwa wake kamili, wakalaza vyuma juu ya chaki, wakapinda, wakakata, wakachomelea. Hudson hajawahi kutumia karatasi.

"Karatasi ni ya watu wa ofisi," anasema. "Mimi lazima nitembee juu ya geti kwanza."

Lakini katika karakana hii ya mtaa wa Mwakingali kuna jambo ambalo hutaliona kwingine. Vyuma vimeegemezwa ukutani, mashine ya kuchomelea imefunikwa gunia, na hakuna anayethubutu kugusa grinda ya kukatia chuma. Mwenzake wa kazi, Sylus Kaloki, ameandika ukutani neno moja kwa herufi kubwa: JUMATATU. Ndiyo siku mchoro ulipoanza. Leo ni Jumatano, na chuma hakitakatwa hadi kesho.

"Mchoro wake lazima ulale siku tatu," anaeleza Kaloki, mzee wa miaka hamsini na minane asiyependa maneno mengi. "Ya nne akiamka na bado anaupenda, na mimi naupenda, tunakata. Kama kuna siku hajalala vizuri, hata moja, tunafuta tunaanza upya."

Sheria hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Hudson, mwenye umri wa miaka arobaini na mitatu, anaishi na baipola, ugonjwa wa akili unaompandisha mtu juu kwa siku au majuma, asilale wala asichoke, kisha ukamshusha chini hadi ashindwe hata kuoga. Ameishi nao kwa miaka kumi na saba. Katika miaka hiyo yote, swali moja limemtafuna kuliko ugonjwa wenyewe.

"Watu wanasema Muinde ana kipaji. Sasa mimi nilikuwa najiuliza, hiki kipaji ni changu ama ni cha ule ugonjwa? Maanake kama ni cha ugonjwa, nikipona kinaenda nao."

Geti lililoko sakafuni ndilo linalopaswa kumjibu. Kesho, kamati ya shule moja ya msingi upande wa Marungu inakuja kulitazama. Wakilikataa, kazi itakwenda kwa fundi mwingine. Kwa Hudson hilo si dogo, lakini si ndilo linalomfanya atokwe na jasho asubuhi yote hii. Hili ni geti la kwanza kubwa analolichora akiwa mzima, dawa ikiwa mwilini, kichwa kikiwa kimetulia. Likiwa baya, atakuwa amepata jibu ambalo hakulitaka.

Anayetaka kumjua Hudson asimuulize Hudson, maana ni mtu wa kujishusha mpaka anaudhi. Apite mitaani. Kaloki anakadiria kwamba mageti waliyoyatengeneza pamoja yamepita mia mbili, na yale ya mkono wa Hudson huna haja ya kuonyeshwa.

Kuna geti la mwalimu mstaafu pale Mwakingali ambalo ni shamba la mkonge tupu: mabomba yamepondwa yakawa majani, na kwenye kila ncha fundi ameacha mwiba wa kweli, kiasi kwamba hata wezi wamelisamehe. Karibu na soko, mwenye duka la mbegu ana kanga kumi na mmoja wanaokimbia kutoka upande mmoja wa geti hadi wa pili. Geti likifunguliwa, kanga nao wanakimbilia uani. Kule Wundanyi kuna moja lenye matuta ya mashamba yanayopanda mlima ngazi kwa ngazi, na ukilitazama jioni mwanga unapita kwenye matuta hayo kana kwamba mtu anamwagilia maji.

Mkulima mmoja wa ndizi kutoka Mata, karibu na mpaka, alikodi pikapu kuja kuchukua lake. Alipoambiwa lifunikwe turubai lisichubuke rangi njiani, alikataa katakata. Alitaka watu wa Taveta walione likipita.

Huyu ndiye mtu ambaye baadhi ya majirani walimwita kichaa, na wengine wanamwita hivyo hadi leo wakidhani hasikii.

Baba yake Hudson alitoka Ukambani kuja kufanya kazi ya mkonge, akaoa, akabaki. Hudson alimaliza shule ya msingi na kidogo ya sekondari, kisha akiwa na miaka kumi na tisa akaja kwa Kaloki kufundishwa kuchomelea. Kaloki anakumbuka kijana aliyekuwa akichelewa kazini kwa sababu alisimama njiani kuangalia mti.

"Nilimwambia, wewe, nakulipa uangalie miti? Akaniambia, mzee, nimeona vile tawi linashika. Kesho yake akatengeneza bawaba kama tawi."

Ugonjwa ulimkuta akiwa na miaka ishirini na sita, mume mpya na baba wa mtoto mmoja, Susan. Mkewe, Rachel Mkamburi, ambaye hushona sare za shule nyumbani, anakumbuka kwamba mwanzoni ulikuja na sura ya baraka.

"Baba Susan alikuwa na furaha, mimi sijawahi kuona. Anachora, anaimba, anapenda kila mtu. Siku tisa hakulala. Mimi nikadhani Mungu amemfungulia," anasema Rachel. "Kisha akaanza kuchora barabarani. Akachora ukuta wa jirani, akachora gari la watu. Ukimwambia pumzika, anakuona adui."

Katika siku hizo tisa Hudson alichora na kukata vyuma vya mageti kumi na manne ambayo hakuna aliyeyaagiza. Kaloki aliwahi kumalizia matatu. Lile la kanga ni mojawapo.

Hapo ndipo kitendawili kilipoanzia, na Hudson hakifichi. "Siwezi kukudanganya. Hizo siku picha zilikuwa zinakuja zenyewe. Nafunga macho naona geti limeshaisha, limepakwa rangi. Hata sijui niliwaza saa ngapi."

Kisha akaanguka. Miezi miwili alilala akitazama ukuta, asile, asiseme. Mtaa ulikuwa na majibu yake tayari. Wengine walisema amerogwa na fundi mwenye wivu, wengine bangi, wengine laana ya ukoo. Rachel alishauriwa na watu wazima wenye akili zao timamu arudi kwao Wundanyi kabla hajauawa.

"Hajawahi kuniinulia hata kidole," anasema mama huyo, na ghadhabu ya miaka kumi na saba bado imo kwenye sauti. "Mtu anaumwa, wewe unaniambia nimkimbie. Angekuwa na malaria ungeniambia hivyo?"

Alimpeleka kwenye hospitali ya umma, kwenye kliniki ya afya ya akili, ambako ugonjwa ulipewa jina na Hudson akapewa vidonge. Usingizi ulirudi. Alianza kula na kucheka na mtoto. Kila mtu alishukuru isipokuwa Hudson, maana mkono ulianza kutetemeka na picha zikakoma.

"Nafunga macho, naona giza tu, vile wewe unaona," anasema, na haonekani kutambua kwamba amemsema vibaya mwandishi wa makala haya. "Nilikuwa natengeneza mageti ya mistari. Chuma, chuma, chuma. Kama ya kituo cha polisi."

Mageti ya mistari yanauzika, na hayana aibu yoyote. Mwezi wa kawaida karakana humwachia Hudson shilingi elfu ishirini na kitu, na mistari ilitosha kuleta hizo. Lakini ukimwona anavyolitamka neno "mistari" utaelewa kwa nini mtu huyu aliacha dawa mara tatu, kila mara kwa siri, kila mara akitema kidonge nyuma ya choo na kurudi mezani akitabasamu.

Alikuwa akiogopa kupona. Anasema hivyo hivyo, bila kupamba.

Mara ya tatu ni miaka minne iliyopita. Shule ile ile ya Marungu ilikuwa imeomba geti jipya, na Hudson alitaka liwe la kukumbukwa. Akaacha dawa majuma matatu kabla. Picha zikarudi mbio. Kwa siku sita alitengeneza geti la miti ya mgunga yenye ndege na viota, matawi yakipandana hadi juu, na wote waliohojiwa kwa makala haya, hata wasiompenda, wanakubali kwamba Voi haijaona geti zuri kama lile. Watu walitoka mbali kuja kupiga picha mbele yake.

Sasa, kila fundi wa huku anajua jambo moja. Geti la kawaida hukaa juu ya bawaba zake kwa uzito wake tu, na ukilinyanyua linatoka. Kwa hiyo ukitengeneza geti la sehemu zenye ndovu, lazima uchomelee kipande cha chuma juu ya kila bawaba ili lisinyanyuke. Ni kazi ya dakika kumi. Fundi wa Nairobi anaweza kusamehewa kutojua. Fundi wa Voi akisahau, hana pa kuuweka uso.

Hudson alisahau. Kichwa kilikuwa kwenye viota.

Juma la tatu baada ya geti kusimikwa, ndovu dume alikuja alfajiri, akapitisha mkonga chini ya tawi kubwa lililokatiza katikati, akalinyanyua geti zima kama mtu anayefunua sufuria, akaliweka kando. Wenzake wakaingia wakavunja ghala. Askari wa shule alikuwa na busara ya kukaa juu ya paa. Hakuna aliyeumia, lakini mahindi na maharagwe ya chakula cha mchana cha muhula mzima yaliliwa na kukanyagwa, na geti nalo likakanyagwa likawa chuma chakavu.

Wakati huo Hudson alikuwa amelazwa, maana kupanda kule kulifuatwa na kuanguka kama kawaida. Kaloki ndiye aliyepigiwa simu. Alikwenda akaziangalia bawaba na akajua papo hapo.

"Lawama ni yangu pia," anasema mzee huyo. "Mimi ndio nilisimika. Lakini lilikuwa zuri sana, sikuangalia. Ilikuwa kama kumkagua bibi harusi."

Rachel alimweleza mumewe alipopata nafuu. Alimwambia kuna wanafunzi mia mbili na kumi na wanne, na kwamba kwa majuma matano walirudi nyumbani mchana, na wanaokaa mbali hawakurudi tena darasani. Hudson alivaa viatu, akaenda mwenyewe kliniki, kwa mara ya kwanza bila kusindikizwa.

Aliyempokea ni Noah Mwakio, muuguzi wa afya ya akili ambaye wagonjwa wote humwita daktari na yeye ameshachoka kuwasahihisha. Hudson alimuuliza swali lake waziwazi: nikimeza hizi dawa maisha yangu yote, nitachora tena?

"Nilimwambia sijui," anasema Noah. "Ningemwambia ndiyo, angejua namdanganya."

Noah anasema swali hilo si la Hudson peke yake. Wako watafiti waliochunguza uhusiano kati ya maradhi ya aina hii na ubunifu, na wengine wao wameona kwamba wagonjwa, na hasa ndugu zao, hukutwa kwenye kazi za sanaa zaidi kidogo kuliko watu wengine. Lakini hawajakubaliana, na yeye anaona kazi yake si kungoja wakubaliane.

"Mimi hapa naona wagonjwa wengi kila juma. Wengi hawachori chochote. Na mafundi wazuri wa mji huu, wengi wanalala vizuri tu," anasema. "Ugonjwa unaweza kufungua mlango fulani, sikatai. Lakini si ugonjwa uliomfundisha kupinda chuma. Hilo alijifunza kwa Kaloki akiwa mzima."

Kuna watu wanaopenda sana hadithi ya kipaji kilichotoka kwenye wazimu. Ni hadithi tamu kwa anayeisikia akiwa ameketi salama kwake. Wangemuuliza Rachel, aliyeshona sare huku mumewe akiwa amelala miezi miwili, pengine wasingeipenda hivyo.

Daktari wa kliniki alipunguza kipimo cha dawa moja na kubadilisha nyingine, damu ikipimwa mara kwa mara. Mkono ukaacha kutetemeka. Noah akampa daftari la kuandika saa za kulala. Rachel ndiye mwenye kalamu. Usingizi ukipungua chini ya saa tano siku mbili mfululizo, Hudson anajua pa kwenda, na anakwenda. Kaloki naye akaleta sheria ya mchoro kulala, ambayo hakuna hospitali iliyomfundisha.

"Nilifikiria tu," anasema Kaloki. "Chuma ukishakata umekata. Chaki unafuta."

Mwaka mzima hakukutokea kitu. Mistari, mistari. Kisha siku moja Hudson alikuwa akimngoja mteja aliyechelewa, akaona namna kivuli cha ngazi kilivyolala kwenye bati, akakichora. Kilikuwa kidogo tu, kona ya geti. Kaloki alipokiona alikwenda kununua chai na mandazi kwa wote wawili, jambo ambalo Hudson anasema lilikuwa halijatokea tangu aanze kazi.

"Siku hizi picha hazinikimbizi. Inakuja moja, inakaa, naiuliza maswali," anasema Hudson. "Zamani sikuwa na nafasi ya kuuliza."

Mwanzoni mwa mwaka huu, mwalimu mkuu wa ile shule ya Marungu, Immaculate Wakesho, alifika karakana mwenyewe. Shule ilikuwa imepata fedha za geti. Hudson alipomwona alitaka kutokea nyuma.

"Nilimwambia, fundi, kaa chini, sikuja kukugombeza," anasimulia mwalimu. "Lile geti lilikaa kwetu siku kumi na nane. Watoto wangu mpaka leo wanalichora kwenye vitabu. Nataka lingine, lakini hili likae."

Kamati haikuona hivyo. Mwenyekiti wake, Mzee Donald Mwasaru, ambaye wajukuu zake watatu wanasoma hapo, alipinga hadharani. Halifichi hilo.

"Nilisema hatuwezi kumrudia mtu wa wazimu," anasema. "Mimi nilizoa yale mahindi kwa mikono yangu. Uzuri wa geti ungewalisha wale watoto?"

Wakaafikiana kwamba fundi achore kwanza, kamati ije ione kabla chuma hakijakatwa. Hawakujua kwamba ndivyo karakana inavyofanya tayari.

Jumatatu mchoro ulianza. Jumatatu hiyo juu ya foleni ya watoto kulikuwa na jua kubwa, miale yake imejipinda kama nywele zilizosukwa. Kaloki alilipenda sana. Jumanne asubuhi alilikuta limefutwa.

"Nilikasirika. Nikamuuliza, Muinde, jua limekukosea nini?"

"Lilikuwa linajionyesha," Hudson anamjibu mpaka leo, na wote wawili wanacheka.

Kufuta kitu kizuri. Hilo, anasema Noah, ndilo Hudson hakuwahi kuliweza alipokuwa juu, kwa kuwa siku hizo kila kilichomjia kilikuwa kizuri.

Alhamisi, saa nne asubuhi, kamati inafika: mwalimu Immaculate, Mzee Donald na wazazi wawili. Hudson ameoga, amevaa shati la kanisani, na amesimama pembeni kama mwanafunzi anayengoja majibu ya mtihani. Rachel yuko mlangoni na daftari la usingizi kwapani, endapo kuna atakayeuliza. Siku zote zina saa saba kwenda juu.

Wageni wanatazama chini. Watoto ishirini na wanne wanatazama mbele, sahani mikononi. Kuna anayejikuna shingo, kuna aliyesinzia, kuna msichana aliyemgeukia wa nyuma kumwambia siri.

Mzee Donald anavua kofia, anaanza kutembea kando ya mchoro taratibu, mwanzo hadi mwisho, kisha anarudi.

"Chuma cha kukatiza katikati kiko wapi?" anauliza.

"Hakipo, mzee wangu," anajibu Hudson. "Ndovu alishika pale. Hapa hana pa kushika, watoto wote wamesimama wima."

"Sasa geti litashikana na nini? Si litacheza?"

Hudson anapiga magoti tena, shati la kanisani na yote. Anaweka kidole kwenye sahani ya mtoto wa kwanza, pale inapougusa mgongo wa mtoto wa mbele yake. Kisha ya pili. Kisha ya tatu.

"Hapa ndipo nachomelea. Kila mmoja anamshika mwenzake kwa sahani. Ukisukuma mmoja, umesukuma wote."

Mzee anamtazama. "Na bawaba?"

Kaloki anazileta mwenyewe, nzito, kila moja na kifuniko chake cha chuma. Amezitengeneza tangu Jumatatu. Sheria yao ya kungoja haikutaja bawaba. Mzee Donald anazichukua moja moja, anazigeuza, anazijaribu kwa nguvu zake zote. Kisha anarudi kwenye mchoro na kuinama juu ya mtoto wa kumi na tatu, aliyetoa kichwa nje ya mstari kuchungulia sufuria imebaki nini.

"Huyu namjua," anasema. "Huyu ni wa kwangu. Yule mjukuu wa mwisho. Hana subira hata kidogo."

Wazazi wanaangua kicheko. Mwalimu Immaculate anageuka upande, anafuta macho kwa ukingo wa leso. Mzee Donald anavaa kofia yake, na kwa sauti ya mtu asiyezoea kurudi nyuma anasema, "Kata, fundi. Kata, sisi tumeona."

Hudson hakati siku hiyo. Anataka mchoro ulale usiku mmoja zaidi. Anakata Ijumaa.

Geti linakamilika baada ya siku kumi na moja. Siku ya kulipakia garini, Kaloki anashika brashi na kopo la rangi nyeusi. Ni desturi ya mafundi wa mageti kuandika jina na namba ya simu kwenye kona ya chini, ili mpita njia akipenda kazi ajue wa kumpigia. Kwa miaka ishirini na zaidi, Kaloki ameandika yake kwenye mageti yote yanayotoka hapa, hata yale aliyochora Hudson, kwa kuwa Hudson alikuwa akikataa.

Alipoulizwa sababu, Hudson aliirudisha kwenye swali lake lile lile.

"Nilikuwa nafikiria, mtu akipenda geti apige simu, ataishika nani? Yule aliyelitengeneza ama huyu wa mistari? Mimi sikujua. Sasa niandike namba ya nani?"

Leo anaichukua brashi kutoka mkononi mwa Kaloki. Anachuchumaa chini ya mtoto wa mwisho kwenye foleni na kuandika polepole, ulimi nje kama mtoto wa nasari: H. MUINDE, FUNDI. Halafu namba, tarakimu kumi. Rachel anaisoma kwa sauti kuhakikisha hajakosea.

Mpango wake, anasema, ni kwenda na baiskeli na kopo hilo la rangi, kila Jumapili baada ya kanisa, mtaa kwa mtaa, awaombe wenye mageti ruhusa ya kuandika jina lake. Ataanza Mwakingali, kisha sokoni. Wundanyi na Mata atafika mwaka ukiruhusu.

Kaloki anamuuliza kama ataandika hata kwenye yale ya siku mbaya, wale kanga na mengine.

"Yote," anasema Hudson. "Ugonjwa ulikuwepo, sikatai. Lakini mkono ni huu huu."

Anafunga kopo, anafuta vidole kwenye suruali.

"Wakipiga, nitashika mimi."